Mbu Aliyehamia Mjini
Mtu akikuambia kazi yake ni kuhesabu mbu, huenda ukacheka. Vyandarua tunavyo, dawa ipo, na sasa hata chanjo ya malaria; ya nini kumlipa mtaalamu akainamie pipa la maji? Jibu lilitoka Djibouti. Mwaka 2012 watafiti walimkuta huko Anopheles stephensi, mbu wa Asia ya Kusini na Bara Arabu. Mwaka huo nchi ilirekodi wagonjwa 27 tu wa malaria. Kufikia 2020 walizidi 73,000. Si mbu huyo peke yake aliyeyaleta yote hayo, lakini mchango wake haupuuziki. Mbu wengi wa malaria wa kwetu hupendelea madimbwi na mashamba ya mpunga. Huyu hutaga kwenye matangi na mapipa ya mjini, ambamo maji hayakosekani hata kiangazi.

Wapo watakaosema mbu ni mbu, pulizeni dawa yaishe. Rahisi kusema, ila tabia zao hazifanani. Chandarua humkinga aliyelala. Stephensi huweza kuuma jioni, watu wangali barazani. Kazi ya kumsaka huanzia kwenye upawa na tochi: kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, cha Culex, mbu wa jamii nyingine, huning'inia kichwa chini. Kumtenga stephensi na ndugu zake ndiko kunakotaka darubini na vipimo vya vinasaba. Kenya ilimnasa mwaka 2022 Marsabit, eneo kame ambako wengi wasingefikiria kumtafuta.