Je, Wajua? Kitenzi cha Kuchukia katika Kigiriki cha Biblia

Je, wajua kwamba kitenzi kikuu cha kuchukia katika Agano Jipya ni miseo, nacho kimetumika humo mara 40 hivi, lakini nomino yake, misos, haimo kabisa? Palipohitajika nomino, waandishi walichukua echthra, yaani uadui.

Je, wajua kwamba miseo ni umbo la kwenye kamusi tu? Katika maandiko yenyewe irabu mbili za mwisho huungana, ikawa miso, “nachukia”. Ndivyo alivyoandika Paulo katika Warumi 7:15, akilalamika kwamba analolichukia ndilo analotenda.

Je, wajua kwamba wakati timilifu wa kitenzi hiki huanza na me? Ni memiseka. Kigiriki hurudia konsonanti ya kwanza ya mzizi na kuifuatisha e; kufanana na -me- yetu ni sadfa. Hata hivyo kazi zake zinakaribiana mno, kwani tukisema mtoto amelala, bado yuko usingizini. Kwa umbo hilo Yohana 15:24 inawataja waliomwona Yesu wakamchukia, na chuki yao ingalipo.

Je, wajua kwamba onyo la Mathayo 10:22 limeundwa kwa maneno mawili, esesthe misoumenoi? Maana yake ni “mtakuwa mkichukiwa”, siku baada ya siku.

Je, wajua kwamba agizo la kumchukia adui, linalotajwa katika Mathayo 5:43, halimo katika Walawi 19:18? Aya iliyotangulia, ya 17, inakataza kumchukia ndugu moyoni.

Na Luka 14:26, panapodaiwa kumchukia baba na mama? Hapo ndipo wengi hukwama, na pana haki ya kutazamwa polepole. Mwanzo 29:30 inasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Aya inayofuata inasema Lea alichukiwa, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia kitenzi hikihiki. Kumbukumbu la Torati 21:15-17 nayo ina mke apendwaye na mke achukiwaye, na inamlinda mzaliwa wa kwanza wa yule asiyependwa asinyimwe fungu lake maradufu. Katika lugha hiyo, kuchukia kwaweza kuwa kuweka nyuma. Mathayo 10:37 inalisema jambo lilelile kwa kulinganisha: kumpenda mzazi kuliko Yesu. Anayeishika aya ya Luka ili amtelekeze mzazi wake ameisoma vibaya sana. Katika Marko 7, Yesu huyohuyo anawakemea wanaowanyima wazazi msaada kwa kisingizio cha korbani, yaani kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu.

Je, wajua kwamba mwaka 363 Kaisari Juliani aliandika kitabu kiitwacho Misopogon, yaani mchukia ndevu? Aliwajibu watu wa Antiokia waliozidhihaki ndevu zake. Ndio mji uleule ambamo, kwa Matendo 11:26, wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.