Ujumbe wa Hitilafu kwa Mwanagenzi: Upatanisho wa Kisarufi na Staha katika Programu ya Sanaa p5.js

Makala hii inajadili jambo dogo kwa umbo lakini zito kwa athari: namna programu ya sanaa ya kidijitali inavyopaswa kumwambia mwanagenzi, kwa Kiswahili, kwamba alichokiandika hakifanyi kazi. Mfano unaotumika ni p5.js, iliyoasisiwa na msanii Lauren McCarthy mwaka 2013 ili kuihamishia kwenye kivinjari misingi ya Processing, programu ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001. Mtumiaji wa p5.js hachori kwa kipanya. Huandika amri, nazo amri huchora. Kwa hiyo kosa lake huwa la kimaandishi, na jibu la programu huwa sentensi. Hapo ndipo isimu inapohusika.

Ukimya na sentensi isiyoeleweka

Amri "arc", inayochora tao, huhitaji thamani 6: mbili za mahali, mbili za ukubwa na mbili za pembe. Mwanagenzi akiipa thamani 4, lugha ya JavaScript ambayo ndiyo msingi wa p5.js hailalamiki. Turubai hubaki tupu. Akikosea jina la amri, akaandika "elipse" badala ya "ellipse", kivinjari husema kwa Kiingereza maneno ambayo tafsiri yake ya moja kwa moja ni "elipse haijafafanuliwa". Kwa mwanaprogramu sentensi hiyo inatosha. Kwa mwanagenzi, kitenzi "fafanua" humaanisha kueleza jambo likaeleweka, hivyo husoma kwamba kuna kitu ambacho hajaelezwa, na huenda akamsubiri mwalimu amweleze.

Waundaji wa p5.js walilijibu tatizo hili kwa kuweka mfumo wa hitilafu wa kirafiki. Mfumo huu huhesabu thamani zilizotolewa, hukagua aina zake, na jina lisipotambuliwa hulilinganisha na majina yanayojulikana kwa kupima umbali wa Levenshtein, yaani idadi ya herufi zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kisha humpa mtumiaji pendekezo.

Upimaji huu una faida ya pekee kwa mwandishi wa Kiswahili. Othografia ya Kiswahili Sanifu kwa kawaida haina konsonanti pacha, isipokuwa pale nazali inapobeba silabi, kama katika "mmea" na "nne". Ndiyo maana maneno ya mkopo kama "ofisi" na "trafiki" yaliacha konsonanti moja mlangoni. Kwa hiyo "elipse" si uzembe. Ni kosa linalotabirika la mtu aliyezoea tahajia ya lugha yake. Vilevile mwanafunzi wa Kenya au Tanzania aliyefundishwa Kiingereza cha Uingereza ataandika "colour", ilhali amri ni "color". Katika kila mfano kati ya hiyo miwili, umbali ni herufi moja tu, na mashine inaweza kukisia alichokusudia.

Kiolezo na ngeli

Mjadala kuhusu programu za Kiswahili aghalabu huanzia kwenye istilahi. Hali hiyo inaeleweka, kwani mradi kama Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulilazimika kwanza kuwa na majina ya vitu. Lakini katika jumbe za hitilafu ugumu mkubwa umo katika sentensi. Jumbe hizi ni violezo: sentensi nzima huhifadhiwa ikiwa na nafasi wazi, na programu hujaza jina la amri, aina ya thamani na nafasi yake katika mpangilio. Kiingereza hustahimili ujazaji huo kwa sababu nomino zake hazidai upatanisho wa ngeli. Kiswahili hudai.

Tuseme mfasiri ameandika kiolezo "Amri ilitarajia [aina] ya kwanza". Nafasi ikijazwa "namba", sentensi inasimama. Ikijazwa "neno", sarufi hudai "la kwanza". Ikijazwa "kitu", hudai "cha kwanza". Kiolezo hakijui ngeli ya nomino itakayoingia, na matokeo yake ni Kiswahili kibovu kinachotoka kwa mashine inayojidai kusahihisha.

Njia ya kutokea imo ndani ya sarufi yenyewe. Kwanza, nomino inayotawala upatanisho iandikwe kabisa katika kiolezo, isiachwe wazi. "Thamani" inafaa, kwa kuwa katika ngeli ya I-/ZI- umbo lake halibadiliki kati ya umoja na wingi. Pili, neno linalojazwa liwekwe baada ya kishirikishi "ni" au kitenzi "kuwa", ambapo nomino ya ngeli yoyote huweza kuingia bila kugusa neno jingine: "Thamani ya kwanza ya arc inapaswa kuwa namba, iliyoandikwa ni neno." Idadi nayo huleta mtego, kwani "imepokewa" hugeuka "zimepokewa" mara tu moja inapokuwa mbili. Mtego huo huepukwa kwa kumfanya mtumiaji awe kiima: "Amri arc inahitaji thamani 6, umeipa 4."

Kosa la nani?

Hata hivyo, kumfanya mtumiaji kiima kuna gharama yake. "Umeipa 4" ni taarifa. "Umekosea" ni hukumu. Nomino "kosa" katika Kiswahili hubeba uzito wa kimaadili na wa kisheria, kama katika "kosa la jinai" na "kuomba radhi kwa kosa". "Hitilafu", iliyotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutofautiana, huhusishwa zaidi na mitambo na umeme. Ingeonekana basi kwamba "hitilafu" ndiyo neno la huruma. Lakini nalo hupotosha: mwanagenzi akiambiwa kuna hitilafu, anaweza kuamini kwamba programu imeharibika, asiuangalie tena mstari wake. Katika ujumbe wenyewe ni afadhali maneno yote mawili yaachwe, na sentensi ianze na mahali:

"Mstari wa 5: jina 'elipse' halijulikani. Huenda ulikusudia 'ellipse'."

"Halijulikani" huchukua nafasi ya "haijafafanuliwa", na upatanisho wake unatawaliwa na "jina", si na neno lililojazwa. "Ulikusudia" humpa mwanagenzi heshima ya kuwa na nia. "Tafadhali" halihitajiki: katika kipindi kimoja cha mazoezi mtu anaweza kukutana na jumbe kadhaa, na ombi linalorudiwa kila mara hugeuka kero. "Huenda", kwa upande mwingine, halifai kuachwa, maana mashine inakisia tu. Inawezekana kabisa kwamba mwanafunzi alitaka "elipse" liwe jina la amri yake mwenyewe, akasahau kuiandika.