"Wageni wanamaliza ardhi ya Voi": tuielewe hii hoja

Wadau, kauli hii huwa haikosi jukwaani. Uzi mfupi, kabla haijageuka kelele tupu.

Voi inakua, hilo halina ubishi. Mji ulizaliwa na reli ya mkoloni, barabara ya Mombasa–Nairobi inapita hapo, na SGR ilipoanza 2017 nao ukapata stesheni. Halafu kuna hili lisilotajwa sana: makao makuu ya kaunti yako Mwatate, kama kilomita 25 hivi, na wapo wafanyakazi wanaopanga nyumba Voi na kudandia matatu kila asubuhi. Mwenye ploti ameona soko. Palipokuwa na mahindi sasa pana vyumba vya kupangisha.

Ugomvi unatoka wapi? Angalia ramani. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 17,000, lakini takriban 62% ni mbuga za Tsavo, zilizotengwa tangu 1948. Toa ranchi. Toa mashamba ya mkonge. Kinachobaki ni kidogo mno, na ndani ya hicho kidogo kuna familia zilizokaa vizazi na vizazi bila hatimiliki. Serikali inawaita maskwota, eti kwenye ardhi walikozikwa babu zao. Ploti zikipanda bei, asiye na karatasi ndiye wa kwanza kusukumwa. Hasira hiyo mimi naiona halali kabisa.

Ila anayekwambia "wageni warudi kwao" anakuchezea. Katiba, kifungu cha 39(3), inampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote Kenya. Hakuna gavana wala MCA wa kuifuta. Tena mgeni hajiuzii ardhi. Yupo aliyemuuzia, na mara nyingi ni mwenyeji.

Maji nayo! Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, humu humu kwetu. Bomba lake linateremka mpaka Mombasa, huku Voi watu wanapanga foleni na mitungi. Sasa ongeza nyumba.

Kwa hiyo mgombea akija, achana na habari za wageni. Muulize mpango wa matumizi ya ardhi unaotakiwa na sheria ya 2019 umefika wapi, na nani ameuona. Muulize maskwota watapata hati lini. Na ile mikataba ya mashamba makubwa ikiisha muda, ataunga mkono iongezwe vilevile, ama wananchi watakatiwa sehemu yao?