Ofisi za wakaguzi zikiungana, wateja hubaki na chaguo chache

Ofisi kubwa za ukaguzi wa hesabu zikiungana, kuna faida: benki yenye matawi Goma na Nairobi yaweza kukaguliwa na ofisi moja tu. Lakini hasara zipo pia.

Mwaka 1989, Ernst & Whinney, mkaguzi wa Coca-Cola, iliungana na Arthur Young, mkaguzi wa PepsiCo. Siri za washindani wawili haziwezi kulala nyumba moja. PepsiCo ikahamia kwa mkaguzi mwingine.

Mwaka huo, ofisi nane kubwa duniani zilibaki sita. Mwaka 1998, Price Waterhouse na Coopers & Lybrand ziliungana, zikabaki tano. Arthur Andersen ilianguka mwaka 2002 kufuatia kashfa ya Enron, zikabaki nne. Leo, mteja asiyeridhika ana milango michache ya kubisha.