Gereji Mpya: Msiikimbilie Sakafu!

Mmejibana, mkamwaga jamvi la gereji pale Kwai. Sasa mama anataka marumaru zinazong'aa, baba anataka kapeti la plastiki. Kabla hamjanuniana, subirini kwanza!

Zege hukomaa kwa takriban siku 28, lakini kukomaa siyo kukauka. Kwenye baridi na ukungu wa Usambara, maji yaliyo ndani hutoka taratibu. Mkiyafungia, kapeti linabanduka na rangi ya epoksi inatoa malengelenge. Hapo ndipo pesa ya ada ya watoto inapoishia kwa fundi.

Jipimieni wenyewe. Bandikeni nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, zibeni kingo zote kwa solotepu, muiache mpaka kesho yake. Mkikuta jasho chini yake, au zege limekuwa jeusi, bado. Na kama fundi hakutandika nailoni chini ya jamvi, unyevu wa ardhini hautaisha, kapeti lisahauni.

Chaguo letu? Matope ya masika na marumaru laini ni kuvunjana viuno. Chukueni marumaru zenye mikwaruzo, au pigeni niru yenye mteremko kidogo kuelekea mlangoni. Zote huvumilia unyevu. Hazing'ai sana, lakini hamtarudia kazi, wala ugomvi!