Televisheni Ikigeuzwa Skrini ya Kompyuta
Kijana ameunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Ni sawa, tena yaokoa pesa. Macho yakimchoka, akuze herufi, aketi mbali kidogo.

Mimi nahofia ule waya. Mtoto anayetambaa akiuvuta, televisheni yaweza kumwangukia kichwani. Upitishe nyuma ya meza na kuufunga. Televisheni yenyewe ikazwe ukutani, au ikae juu ya meza fupi, pana. Kile kitambaa cha kufuma kinachoning'inia mbele nacho kiondoe, ingawa najua ni pambo lako. Mtoto hukivuta vilevile.

Ikimwangukia kichwani, mpeleke hospitalini hata kama hakuna damu. Akitapika au akisinzia ovyo, usingoje kuche.