Umeme wa Bandani Usilete Msiba



Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Familia ikishaweka taa nyumbani, mara nyingi hutaka taa pia katika banda la ng'ombe au la kuku. Ni jambo jema: anayekamua alfajiri huona anachofanya, na vifaranga hupata joto. Lakini sisi wauguzi huwapokea watu waliopigwa na umeme, na wengine hufika wakiwa wamechelewa. Mwezi huu tuzungumze jinsi ya kuufikisha umeme bandani kwa usalama.

Kwa nini banda ni hatari kuliko sebule?

Sakafu ya banda huwa na maji na mkojo. Mtu husimama hapo peku, mikono imelowa. Ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi fulani. Iliyolowa huupitisha kwa urahisi. Tena panya hutafuna waya.

Wengi hudhani saketi breka ya nyumbani itawaokoa. Sivyo. Breka hiyo hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Breka ya ampea 10 haikati umeme kabla ya kiasi hicho kupita. Lakini moyo wa binadamu huweza kuvurugika na kuacha kusukuma damu kwa sehemu moja tu ya kumi ya ampea moja. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho!

Mambo ya kuzingatia

1. Mtumieni fundi mwenye leseni ya EWURA. Msiunge waya wenyewe kutoka kwenye soketi ya nyumbani.

2. Mwambieni afunge kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, cha miliampia 30. Hiki ndicho kinachomlinda mtu. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila mwezi. Kisipokata umeme, kibadilishwe.

3. Pawepo waya wa ethi, ili umeme unaovuja uende ardhini bila kupitia mwilini mwa mtu au mnyama.

4. Waya usining'inizwe kwenye miti wala kwenye kamba ya nguo. Tumieni kebo ya ardhini iliyozikwa kina cha sentimita 60, mahali pasipofikiwa na jembe.

5. Swichi na taa ziwe za aina isiyoingiza maji, juu mahali ambapo ng'ombe na watoto hawafiki. Taa ya joto ya vifaranga ifungwe kwa mnyororo imara, mbali na maranda. Ikianguka huwasha moto.

Mtu akipigwa na umeme

Msimguse! Anayemshika mwenziwe akiwa bado ameshikwa na umeme hupigwa naye pia. Zimeni kwanza swichi kuu. Kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mkubwa, aijue ilipo. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, umsukume aachane na waya kwa mti mkavu au fimbo ya plastiki. Msitumie chuma wala mti mbichi.

Umeme ukishakatwa, tazameni kama anapumua. Asipopumua, mlazeni chali, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Msiache mpaka apumue au msaada ufike.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta.

Hata akisema amepona, mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda cha umeme huonekana kidogo juu ya ngozi, kumbe ndani nyama imeungua, na moyo unaweza kwenda vibaya baadaye.

Fundi na vifaa vyake vina gharama, tunafahamu. Kama fedha haitoshi mwaka huu, taa ndogo ya sola inatosha kukamulia. Banda lisubiri umeme. Uhai ukipotea haurudi.

Tukutane tena mwezi ujao.